BOMBA LA MOSHI SI KAZI NDOGO

Maneno yaliyosomwa mbele ya mafundi, madereva na matanboi, Kinakomba, Tana River

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wafanya kazi wote,



Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi wala juu ya ada za uanachama. Tumekuja kusema juu ya bomba la moshi la lori. Twajua wapo walioona tangazo la mkutano wakacheka, wakauliza: chama chenye kazi ya kutetea mishahara na saa za kazi kina haja gani na bomba? Jibu letu ni fupi. Kazi ya kushusha giaboksi hulipwa, lakini kazi ya kutoa bomba ili giaboksi ipate njia ya kushuka mara nyingi hailipwi, maana haiandikwi popote. Kisha bomba lile lile likirudishwa vibaya, moshi wake hauendi kwa tajiri ofisini. Waenda kwa dereva na tanboi wake ndani ya kebini. Jambo linalokula saa zetu na kugusa pumzi zetu ni jambo la chama.

Basi neno letu ni hili. Kila bomba linalotolewa kwa ajili ya giaboksi lirudishwe kwa kiungo kinachofunguka kwa spana, na saa za kulitoa na kulirudisha ziandikwe katika kadi ya kazi. Mengine yote tutakayosema ni maelezo ya neno hilo.

NJIA YETU NA MALORI YETU

Ninyi nyote mwaijua barabara hii. Yatoka Malindi, zaidi ya kilomita 100 mpaka Garsen, na pale yagawanyika: moja yaenda Witu na Lamu, nyingine yapanda na Mto Tana kwenda Hola, Bura na Garissa. Malori yapitayo hapa huchukua maembe, mahindi, simenti, ng'ombe na mbuzi. Mengi si mapya. Yamekwisha kubadilishwa klachi mara mbili au tatu, na kila mara bomba la moshi limekatwa na kuchomelewa upya, hata mtu akilala chini ya lori huona makovu matupu.

Klachi hufa upesi katika njia hii kwa sababu inayojulikana. Mvua ikinyesha, udongo wa bonde hushika gurudumu kama gundi, na dereva hulazimika kucheza na klachi ili ajitoe. Jua likiwaka, mchanga wa njia za pembeni hufanya vile vile. Nao mto haukai kitandani mwake sikuzote. Tumeona mafuriko ya mwaka 1997 kuingia 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024. Lori linalovuka maji likiwa na bomba la moto hupata baridi ya ghafula, na chuma hupasuka. Matope hukauka juu ya bomba, hushika unyevu, na kutu hula viungo. Kwa hiyo fundi wa hapa hukutana na mambo mawili kwa pamoja: giaboksi inayotaka kushuka mara kwa mara, na bomba ambalo kutu imelifunga kana kwamba limezaliwa kipande kimoja.

Tena duka la vyombo haliko jirani. Gasketi ikikosekana, ni kungoja basi la Malindi au la Garissa. Ndiyo maana wengi hushika grainda na kukata. Hatuwalaumu. Lakini twataka kuonyesha kwamba mkato wa leo ni saa tatu za kesho, na saa hizo za kesho ni zetu sisi wenyewe.

KABLA YA KUINGIA CHINI

Jambo la kwanza ni ardhi. Udongo wetu uliletwa na mto, si mwamba. Jeki iliyowekwa juu ya udongo mtupu huzama pole pole bila sauti, na mtu aliye chini hana habari. Weka mbao nene na pana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Zuia magurudumu kwa kabari, mbele na nyuma. Usimwamini jeki peke yake hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Mawe na matofali si stendi, maana tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Jambo la pili ni moto. Bomba la lori lililotoka safarini laweza kuunguza ngozi muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Liache lipoe. Wakati linapoa, safisha viungo kwa brashi ya waya na kuvitia mafuta ya kupenyeza, ili yapate muda wa kuingia ndani ya nyuzi. Hiyo si saa iliyopotea. Ni kazi, na iandikwe hivyo.

Jambo la tatu ni betri. Fungua waya wa betri kabla ya kugusa waya za stata na za giaboksi. Vaa miwani, maana kutu inayoanguka usoni mwa mtu aliyelala chali haichagui jicho.

JE, NI LAZIMA KULITOA?

Fundi mzuri hatoi kitu kisichohitaji kutolewa. Lala chini kwanza, utazame. Giaboksi haishuki moja kwa moja. Ni lazima irudi nyuma kwa kunyoka mpaka shafti yake itoke ndani ya sahani ya klachi, ndipo ishuke. Tazama kama bomba limekatisha njia hiyo ya nyuma au njia ya chini. Katika malori mengine bomba lapita upande wa pili, na kinachozuia ni kishikio tu kilichofungwa kwa bolti kwenye nyumba ya klachi au kwenye giaboksi. Fungua kishikio, sogeza bomba kidogo, lifunge kwa waya, basi.

Lakini katika malori mengi ya kadiri na makubwa, bomba latelemka kutoka kwenye turbo au manifoldi, lapita ubavuni mwa giaboksi, au chini yake, kwenda kwenye silensa. Hapo halina budi kutoka. Usijaribu kuipenyeza giaboksi pembeni mwa bomba kwa kuipinda. Giaboksi ya lori la kadiri hupita kilo 100, na ya lori kubwa hupita kilo 200. Uzito huo ukining'inia juu ya shafti iliyo ndani ya sahani ya klachi, sahani mpya huharibika kabla haijafanya kazi hata siku moja. Na ukimwangukia mtu, hakuna la kusema tena.

NAMNA YA KULITOA

Tafuta viungo viwili: kimoja mbele ya giaboksi na kimoja nyuma yake. Shabaha ni kutoa kipande cha katikati tu, si bomba zima mpaka mkiani.

Anza na nati zilizo mbali na injini, ambazo ni rahisi. Kisha njoo kwenye nati za turbo au manifoldi. Hapo ndipo pa kufanya pole pole. Bolti zile zisizo na kichwa, tunazoziita stadi, zimepata moto na baridi miaka mingi. Usianze kwa kulegeza kwa nguvu. Ikaze nati kidogo sana kwanza ili kutu ivunjike, kisha ilegeze robo, irudishe, itie mafuta, ilegeze tena. Ikikataa, ipashe moto nati yenyewe, ikiwa tangi la dizeli, mabomba ya mafuta na mipira ya breki ziko mbali na zimefunikwa. Ikikataa bado, ipasue nati kwa tindo. Nati ni ya shilingi chache. Stadi ikikatika ndani ya turbo ni kazi ya siku nzima, na wakati mwingine ni turbo nyingine.

Kabla nati ya mwisho haijatoka, tegemeza bomba. Wengi huliacha lining'inie, wakiliona ni bomba tu. Lakini uzito wake huvuta kile kipande chenye mikunjo kinachopinda, yaani fleksi, na fleksi hupasuka mahali pasipoonekana. Lifunge kwa waya kwenye chesesi, au mtu wa pili alishike. Kipande kikiisha kutoka, ziba mdomo wa turbo kwa kitambaa safi kinachoonekana wazi. Nati moja ikiangukia ndani ni hasara kubwa kuliko klachi. Kitambaa hicho kiandikwe katika kadi, ili asisahauliwe ndani yake.

Ikiwa ile boriti ya chesesi inayobeba nyuma ya injini na giaboksi nayo yatoka, tegemeza injini kwanza kwa jeki na kipande cha mbao. Injini iliyoachwa iiname huvuta mipira yake ya kukalia, huvuta mabomba ya maji, na huvuta bomba la moshi lililobaki juu.

Giaboksi ikiisha kushuka, liko neno moja la afya. Usipulize vumbi la klachi kwa upepo wa kompresa. Sahani za zamani, na gasketi za zamani za bomba la moshi, zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia kifuani huleta ugonjwa baada ya miaka mingi, wakati ambapo tajiri wa gereji ile amekwisha kusahau jina lako. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

KUCHAGUA KIUNGO

Sasa tumefika kwenye shauri lenyewe. Giaboksi imekwisha kutengenezwa, bomba latakiwa kurudi. Kiungo gani kitumike? Viko vya namna nyingi, na kila kimoja kina mahali pake.

Kwanza, flanji na gasketi. Ni sahani mbili za chuma, moja kila mdomo wa bomba, katikati gasketi, na bolti tatu au nne. Kiungo hiki ni cha kuaminika, hukaza vizuri, na hufunguka kwa spana. Chataka mambo mawili: nyuso zisiwe zimepinda, na gasketi iwe mpya kila mara. Gasketi iliyokwisha kukandamizwa haifai kurudi, hata ukiipaka nini. Kwa njia yetu, flanji mbele ya giaboksi ni chaguo zuri.

Pili, klempu ya umbo la V. Ni pete inayokumbatia midomo miwili iliyotengenezwa kwa mshazari, na nati moja tu hukaza yote. Hupatikana sana kwenye turbo za malori ya siku hizi. Hufunguka upesi. Lakini usiikaze kwa nguvu za hasira, maana pete hupasuka. Na midomo ikiwa na tundu za kutu, itavuja hata ikikazwa namna gani. Igonge taratibu pande zote unapoikaza, ili ikae sawa.

Tatu, bomba ndani ya bomba. Bomba linalotoka injini liingie ndani ya lile linalokwenda mkiani, si kinyume, ili moshi usikute mdomo wa kutokea. Maingiliano yawe inchi 2 hivi, yaani kama sentimita 5. Hapa ni lazima kuchagua klempu. Iko yuboliti ya kawaida, ambayo ni rahisi na hupatikana kila mahali. Ubaya wake ni kwamba huyaminya mabomba yote mawili mpaka yanakuwa na mfuo, na siku ya kufungua hayatoki tena ila kwa grainda. Na iko klempu ya mkanda mpana wa chuma. Hiyo hukaza pande zote bila kuharibu umbo la bomba, na mwakani yafunguka. Bei yake ni kubwa kidogo. Sisi twasema, mahali ambapo bomba litatolewa tena, yaani nyuma ya giaboksi, weka mkanda mpana. Yuboliti ibaki mkiani, ambako hakuna mtu atakayefungua.

Nne, fleksi. Hiki si kiungo cha kufungulia, bali ni cha kupinda. Injini hutikisika na kujipinda juu ya mipira yake kila dereva anapokanyaga mafuta. Silensa imefungwa kwenye chesesi, haitikisiki pamoja nayo. Kati ya viwili hivyo lazima kuwe na kitu laini. Ikiwa fleksi imepasuka na fundi akaweka bomba gumu mahali pake kwa kuchomelea, amehamisha ufa tu. Miezi michache baadaye utapasuka manifoldi au zitakatika stadi. Na ikiwa mipira ya injini imebadilishwa pamoja na giaboksi, injini imesimama juu kidogo kuliko jana, na bomba la zamani lisilopinda halitafika mahali pake. Usilivute kwa bolti ili lifike. Lirekebishe.

Tano, kuchomelea. Hiki ndicho kiungo cha watu wengi, nasi hatukikatazi mahali pote. Mahali ambapo bomba halitafunguliwa kamwe, welda mzuri ni bora kuliko klempu mbovu. Lakini kuchomelea mbele na nyuma ya giaboksi ni kumfungia mlango fundi wa kesho, naye fundi wa kesho ndiye wewe. Ikiwa umelikuta bomba ni kipande kimoja, nawe huna budi kukata, basi kata mara moja tu katika maisha ya lori hilo. Kata kwa msumeno wa chuma, mahali paliponyoka, ambapo spana itafika, kisha tia hapo flanji au mkanda mpana. Safari ijayo hutakata tena.

MABOMBA YA MAJI NA WELDA

Liko jambo la hatari tulilopenda kulisema peke yake. Bomba la moshi likikosekana, watu huchukua bomba la maji lililopakwa zinki, kwa kuwa lapatikana katika duka la vyombo vya ujenzi. Zinki huyeyuka kwenye moto wa digrii 419, na moto wa welda umepita hapo mara nyingi. Moshi ule mweupe unaotoka ni zinki inayoungua. Jioni mtu hupata homa, kutetemeka, kiu na maumivu ya mwili, akadhani ni malaria, akanunua dawa isiyo yake. Ikiwa hakuna bomba jingine, zinki isuguliwe yote mahali pa kuchomelea, kazi ifanyike nje penye upepo, na mtu asimame upande upepo utokako. Lililo bora ni kuagiza bomba la chuma cha ekzosi.

Unapochomelea juu ya lori, fungua waya za betri, na klempu ya ardhi ifungwe kwenye bomba lile lile, karibu na mahali pa kazi. Ikifungwa mbali, umeme hutafuta njia kupitia beringi za giaboksi na za injini na kuziunguza, na lawama ya giaboksi iliyolia baada ya wiki mbili huwa juu ya fundi wa giaboksi.

KULIRUDISHA NA KULIJARIBU

Rudisha vyote vikiwa vimelegea. Ning'iniza kwanza, tazama kama bomba limekaa bila kuvutwa, kisha kaza kuanzia injini kwenda nyuma. Tia grisi ya shaba kwenye nyuzi. Grisi ya kawaida huungua ikabaki majivu. Nati za shaba, au za chuma zilizopakwa shaba, hufaa sana kwenye stadi, kwa kuwa hazishikani na kutu. Rudisha kila kishikio, hata kile kidogo cha kwenye giaboksi. Wengi hukitupa wakisema bomba limesimama bila yeye. Limesimama gerejini. Halitasimama kwenye mashimo ya barabara.

Angalia bomba lipite mbali na mipira ya breki, mabomba ya dizeli na waya za umeme. Malori mengi hutumia mabomba ya plastiki kwa upepo wa breki. Kiungo kinachovuja na kuelekeza moshi wa moto pale huyayusha plastiki, na dereva hugundua mlimani.

Kisha washa injini. Sikiliza. Tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye kila kiungo. Usiweke mkono kutafuta uvujaji. Bomba likipata moto kisha likapoa, kaza tena mara ya pili.

Na kabla lori halijatoka, panda kebini, ukatazame mpira unaofunika mti wa gia pale sakafuni. Mpira huo hutolewa wakati wa kazi ya giaboksi, na mara nyingi hurudi umechanika au haurudi kabisa. Sasa fikirini, ndugu. Chini yake kiko kiungo cha bomba kilichofunguliwa jana. Kikivuja, tundu la gia ndilo dohani yake.

Katika moshi huo imo hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa njema mara 200 na zaidi, kichwa huuma, usingizi huja, na mtu aliyelala haamki. Injini ya dizeli hutoa kidogo kuliko ya petroli, hiyo ni kweli, lakini kebini ni chumba kidogo, na dereva hukaa humo saa nyingi. Tena moshi wa dizeli una masizi na hewa nyingine kali za kuunguza mapafu. Mwezi wa Juni 1988 moshi huo uliandikwa kuwa yamkini waleta saratani. Mwezi wa Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliondoa neno yamkini, likasema waleta. Matanboi wanaolala kebini injini ikiunguruma, wakikimbia mbu wa mtoni, walisikie neno hili kwa masikio mawili.

LA CHAMA

Mtu atasema: maneno haya ni mazuri, lakini mimi nalipwa kwa kipande, giaboksi moja bei moja. Nikikaa kulegeza nati robo robo, jirani yangu mwenye grainda amekwisha kumaliza. Ni kweli, na hapo ndipo mtu mmoja mmoja hawezi kitu. Fundi mmoja akikataa kukata, atapoteza kazi. Mafundi wote wakikubaliana bei ya bomba, tajiri atalipa bomba, na mwenye lori atapata lori lisilorudi gerejini kila mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa mgongo wa mfanya kazi.

Sheria nayo si tupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu tajiri kulinda usalama na afya ya watu wanaofanya kazi mahali pake, na mahali penye watu 20 au zaidi yataka pawe na kamati ya usalama. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mfanya kazi aliyeumia kumwarifu tajiri, kwa maandishi au kwa mdomo, naye tajiri apeleke habari kwa Mkurugenzi anayehusika ndani ya siku 7. Msikubali kuambiwa kwamba kuungua mkono kwa bomba ni ajali ya nyumbani. Arifuni siku ile ile, mbele ya shahidi.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mashauri manne, myajadili na kuyapigia kura.

1. Kadi ya kazi iandike kutoa na kurudisha bomba la moshi kuwa kazi peke yake, yenye saa zake na malipo yake.

2. Gasketi, nati na klempu za bomba ziagizwe siku ile ile inayoagizwa sahani ya klachi. Basi linaloleta sahani laweza kuleta na gasketi.

3. Lori lililoshushwa giaboksi lisitoke kabla viungo vya bomba na mpira wa gia havijakaguliwa, dereva akiwa amesimama hapo na kutia sahihi. Pumzi ni yake, na jicho liwe lake.

4. Stendi, mbao, miwani na brashi ni vyombo vya gereji. Tajiri avinunue, mfanya kazi asikatwe mshahara kwa ajili yake.

Hatuombi neema katika mambo haya manne. Twaomba kazi ifanywe kama inavyotakiwa na ilipwe kama ilivyofanywa. Madereva na matanboi, hili si la mafundi peke yao. Fundi anapodai saa mbili za kufunga flanji vizuri, msimwambie afanye haraka mwahi soko la Malindi. Simameni naye. Saa hizo mbili ananunua uhai wenu.

Ndugu Mwenyekiti, tumekwisha. Mwenye swali na aulize, na mwenye ujuzi zaidi na atuongezee, ili katika toleo lijalo tuandike na yake.

Umoja ni nguvu.